Madoa Thelathini na Sita

Nilichora madoa thelathini na sita kwenye majani ya spinachi. Nilihesabu mara mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu.

Asubuhi yake yalikuwa arobaini na tisa.

Naomba msomaji akae chini kwa heshima. Hii si hadithi ya majini. Ni hadithi ya mboga, ilitokea Murera mwezi wa sita, na mpaka leo sijui niicheke ama niiombee.

Naitwa Ngigi. Nina miaka kumi na saba. Niko kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja, maana bado natarajia kula huko.

Mwezi huo nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nimefukuzwa kwa wiki mbili.

Kosa langu: niliandaa mazishi ya nyama.

Nyama ilikuwa imepotea kwenye mchuzi wa Jumamosi kwa wiki tano mfululizo. Mtu mwenye utu hawezi kunyamaza. Nikabandika tangazo ubaoni: "Familia ya Mchuzi inasikitika kutangaza kifo cha Nyama, mume wa Viazi na baba mpendwa wa Mafuta."

Vijana mia moja na arobaini walifika bwaloni wamefunga soksi nyeusi mikononi. Nilisoma wasifu wa marehemu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Naibu wa mwalimu mkuu aliingia tukiwa kwenye wimbo wa mwisho.

Ofisini alifungua faili yangu, akasoma kitu.

"Ngigi, baba yako alizikwa Februari?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na wewe unafanyia nyama mazishi?"

Ukweli ni kwamba wasifu wa nyama niliusoma vizuri kuliko mjomba aliyesoma wa baba.

Siku ya kumzika baba nilihesabu viti. Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili, na viwili kati yake vilikuwa na mguu mbovu. Sikulia. Nilisikia shangazi mmoja akimnong'onezea mwenzake, "Huyu kijana ameingiwa na baridi."

Nilifikiri ana makosa. Baridi mtu huisikia. Mimi sikuwa nasikia kitu.

Basi.

Baba yangu, Zacharia, alikuwa mkulima wa spinachi ya kuuza. Sisi tunaishi Gitothua, hapa Ruiru, lakini shamba alikuwa amekodi Murera. Nusu eka.

Kama hujawahi kulima spinachi, sikiza. Haing'olewi. Unachuma majani ya nje, unaacha ya ndani yakue, wiki ijayo unarudi. Mche mmoja ukitunzwa unakupa majani miezi na miezi.

Baba alipanda ile ya mwisho Januari. Kwa hivyo kila Ijumaa tulipochuma, mama aliletewa fungu moja la kupika nyumbani, akasema, "Hii bado ni ya Zacharia."

Alikuwa akiila polepole, kama mtu anayepokea meza ya Bwana. Mimi nilikuwa nakula tu.

Mnunuzi wetu ni Dorine, ambaye hupelekea hoteli za Thika mboga. Huja na pikapu yake kila Ijumaa, miwani kichwani, na hana mchezo. Alikuwa amelalamika mara mbili kwamba majani yamekuwa madogo.

Jumapili moja tukitoka kanisani, mama aliniambia, "Dorine akikataa mzigo wa Ijumaa, narudishia mwenyewe shamba lake. Jared atafute kazi kwingine. Nimechoka, Ngigi."

"Sawa," nikasema.

"Sawa tu?"

"Sawa, mama."

Mama anaitwa Mumbi. Anashona sare katika karakana moja mjini Ruiru. Aliniangalia kwa muda mrefu, kisha akarekebisha kitambaa chake, tukaendelea kutembea.

Jared ndiye alikuwa akifanya kazi na baba. Miaka minane. Ni mtu wa Siaya, mrefu, sauti ya kanisani, na alikuwa na desturi moja iliyonichekesha tangu nikiwa mdogo.

Kila asubuhi alipita mistari yote akigeuza majani. Moja hapa, moja pale, anainama, anageuza, anaangalia chini yake, anaendelea.

"Jared, unatafuta nini? Sarafu?"

"Juu ya jani ni picha ya kitambulisho," alinijibu siku moja. "Kila mtu amenyoa, ametulia. Ukitaka kujua mtu, zunguka uone nyuma ya nyumba yake."

Ugonjwa wowote wa majani Jared aliuita baridi. Ukungu wa zambarau chini ya jani, baridi. Madoadoa, baridi. Wakulima wengi huku husema hivyo.

"Kama ni baridi tuivalishe sweta," nikamwambia.

"Cheka tu. Siku itakuja."

Jumamosi niliyofika kutoka shuleni, Jared alikuwa akisafiri. Kwao walikuwa wanapokea mahari ya dada yake, Apiyo. Angerudi Jumatano ya wiki ya pili. Mlinzi wa shamba akawa mimi, mzishi wa nyama.

Alinipa maagizo pale langoni, begi likiwa begani.

"Maji ni asubuhi. Sio jioni. Jani likilala na maji, linaamka na baridi."

"Nimeshika."

"Mwagilia udongo. Usimwagilie jani."

"Nimeshika."

"Na kule," akaelekeza mdomo kwa shamba la jirani, ambalo mwenyewe aliliacha tangu Aprili. Spinachi yake ilikuwa imejaa madoadoa mpaka ikawa kama nguo iliyochomwa na sigara. "Kule usiingie. Ukiingia, usirudi huku na hivyo viatu. Na usibebe kitu."

"Jared, ni mboga. Sio Ebola."

"Yawa! Wewe fanya nimekuambia."

Akaenda.

Sasa, nilikuwa peke yangu mchana kutwa na mboga za marehemu. Nyumbani kila mtu alikuwa akitembea polepole, akiongea polepole, kama kuna mtoto amelala. Nilitaka mtu apige kelele. Hiyo tu. Nilitaka kuona mtu mzima akishtuka, akinikimbiza na fimbo kati ya mistari, akiniita mbwa.

Wazo likaja siku ya pili.

Doa la spinachi lina sura yake. Ni duara dogo, katikati kijivu, ukingo mwekundu unaokaribia zambarau. Ukingo nilikuwa nao tayari: chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, ambayo hakuna mwanafunzi wa bweni anayekosa. Katikati ningetumia jivu lililokorogwa na maji kidogo. Brashi ilikuwa njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba.

Nilifanya mazoezi kwa siku tisa. Msinicheke. Michelangelo alikuwa na kanisa, mimi nilikuwa na nusu eka.

Na kama msanii yeyote wa maana, nilihitaji mfano wa kuangalia. Nilipata. Kumbuka hilo neno, mfano, tutalirudia.

Jumanne jioni nilichora. Mstari wa kwanza karibu na lango, majani kumi na mawili, kila jani madoa matatu. Thelathini na sita. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaangalia. Hata mimi niliogopa kidogo.

Jumatano asubuhi nilifika kabla ya Jared ili nisikose kiti cha mbele. Nikahesabu kazi yangu kwa mara ya mwisho.

Arobaini na tisa.

Nikahesabu tena. Arobaini na tisa.

Nikafikiri, Jared amefika mapema. Ameona, ameelewa, ameongeza yake kumi na matatu. Nilimheshimu sana kwa dakika mbili hivi.

Kisha nikamwona akishuka kwa pikipiki barabarani, begi lile lile, na mfuko wa samaki waliokaushwa.

"Niaje, daktari wa mimea?" akasema.

Akaingia. Hatua ya tatu akasimama. Begi likaanguka. Akainama mbele ya mstari wa kwanza, akaweka mkono mdomoni.

Hakupiga kelele.

Alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya mahari. Alisema kitu kwa Kijaluo, kidogo sana, na nikasikia jina la baba ndani yake.

Nilijua hapo ndipo ninapaswa kusikia kitu. Niliangalia viatu vyake. Vilikuwa vipya.

Kisha akalamba kidole, akasugua doa.

Kidole kikawa zambarau.

Akakiangalia. Akaniangalia mimi. Akakiangalia tena.

"Hii ni GV?"

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Wewe ibilisi! Umepaka spinachi GV?"

Alicheka mpaka akalala chali. Alinirushia bonge la udongo. Alitoa simu, akampigia mama kazini, akaweka sauti nje. "Mama Ngigi! Mama Ngigi, mtoto wako amepaka shamba GV! Eti baridi! Nilikuwa nife!"

Kulikuwa na kelele za cherehani. Halafu mama akacheka.

Sijui nielezeje. Mama alikuwa hajacheka tangu Februari. Ilikuwa sauti kubwa, mbaya, kama gari linalowaka baada ya kukaa gereji.

"Ngai! Huyo mtoto ataniua," alisema, na bado alikuwa anacheka.

Asubuhi hiyo Jared hakugeuza jani hata moja. Aliingia chumba cha vifaa kupika chai, akicheka peke yake.

Mimi niligeuza.

Rangi ya GV hukaa juu. Ukigeuza jani, chini ni kijani safi. Lakini madoa kumi na matatu yalikuwa yametokea upande wa pili, yamepenya, kavu, na katikati yake kijivu ambacho sikuwa nimekipaka mimi.

Saa nane nilikuwa Thika, jani moja ndani ya daftari langu la Kemia. Niliingia agroveti moja, duka la dawa za mimea, karibu na soko. Nyuma ya kaunta kulikuwa na dada, amevaa koti jeupe lililoandikwa Tabby mfukoni.

"Niambie hii ni mchoro," nikasema.

Aligeuza jani. Wote huwa wanageuza. "Hii ni baridi ya madoa. Ni kuvu. Mko nayo kiasi gani?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Mvua inaruka, inapelekea jirani yake. Chumeni yenye madoa yote, mpige dawa."

"Nikipiga leo, Ijumaa tunauza?"

"Wee! Unataka kulisha watu dawa? Soma mkebe. Kuna siku za kungoja, na Ijumaa haimo." Akanirudishia jani. "Imetoka wapi? Hii kitu haianguki kutoka mbinguni. Kuna mtu huileta. Kwa mbegu, kwa viatu, kwa kitu."

"Asante, madam."

Sikununua kitu.

Ningemwambia Jared jioni hiyo. Nilifungua mdomo, Mungu ni shahidi. Lakini alikuwa akimsimulia jirani mwingine habari za GV kwa mara ya tatu, na mama alikuwa amenitumia ujumbe wenye nyuso nne za kucheka. Mama. Nyuso nne.

Alhamisi kulikuwa na manyunyu siku nzima. Nilirudi kuhesabu. Nilifika mia mbili, nikiwa mstari wa tatu, nikaacha.

Ijumaa mama aliomba ruhusa kazini akaja mwenyewe. Dorine alifika saa tatu, akashusha kreti tupu, akashusha na miwani.

"Habari za hapa?"

"Nzuri kabisa, madam," Jared akasema. "Leo majani ni makubwa."

Dorine alichuma jani. Akaona madoa. Uso wake haukubadilika, ulifunga tu.

Jared akaanza kucheka. "Hapana, madam, usijali! Hii ni rangi. Kijana wa mama hapa ni msanii. Ona."

Akalamba kidole, akasugua.

Akasugua tena.

Akaongeza mate, akasugua kwa nguvu, bado akitabasamu, na tabasamu lilibaki usoni kama limesahaulika hapo. Katikati ya doa pakapasuka. Kidole chake kikatokea upande wa pili wa jani.

Kuku wa jirani ndiye aliyekuwa akiongea.

Dorine alitembea mistari minne akigeuza majani, kisha akarudisha kreti zake kwenye pikapu. "Pole, mama Ngigi. Hii siwezi kupeleka popote." Hakuwa mkali. Ingekuwa afadhali.

Pikapu ilipoondoka mama alimgeukia Jared.

"Miaka minane, Jared. Wewe, wa kugeuza majani. Hukugeuza?"

"Sikugeuza, mama."

"Wiki nzima?"

"Tangu Jumatano, mama. Sikugeuza."

Hakunitaja. Alikuwa ameshika lile jani lenye tundu, anaangalia chini.

"Basi panga vitu vyako," mama akasema. "Nitaongea na mwenye shamba."

"Ni baridi tu, mama Ngigi. Mvua imekuwa nyingi. Hakuna mtu ameileta."

Wakati huo nilijua kwamba anajua. Alikuwa ameshapita pale bombani. Alikuwa ameona karai nililoliacha hapo.

Nilienda nikalileta. Nilijiona nikitembea, kama ninavyomwona mtu mwingine. Karai lilikuwa na majani sita ya spinachi yaliyooza, yamejaa madoadoa, kutoka shamba la jirani.

Huo ndio mfano.

"Nilichora thelathini na sita," nikasema. "Yaliyobaki si yangu. Lakini ni mimi. Nilitoa haya kule ili nijue kuchora. Nilikuwa nayaweka hapa, nayamwagia maji yasinyauke. Na jioni yale maji..."

"Yale maji ulipeleka wapi?" Jared akauliza polepole.

"Mstari wa kwanza. Juu ya majani. Sikutaka kuharibu maji."

Kwa siku kumi nilikuwa nimeuleta ugonjwa, nikauketisha kama mgeni ili niuchore picha, na kila jioni nikaupeleka nyumba kwa nyumba nikiuonyesha kwa watu.

"Nilijua tangu Jumatano," nikasema. "Jared hakujua. Asiende. Nimeua spinachi ya baba. Ile ya mwisho. Mimi."

Nilisema kwa sauti ile ile ya kuita majina darasani. Mama hakunipiga. Alikuwa ananiangalia kama anatafuta mahali pa kushika.

Jared akakohoa.

"Si ya baba yako," akasema.

"Nini?"

"Ile ya mzee Zacharia ilitoa maua Aprili. Ilikuwa imeisha. Nilikuwa nang'oa miche mitano mitano nikipanda mingine, siku mama hayuko." Alikuwa akisema na jani. "Kila Ijumaa mama anasema hii bado ni ya Zacharia. Sasa mimi ningesema nini? Nikaona wacha iwe ya Zacharia."

Mimi hujiita bingwa wa mizaha. Nilifanya mazishi bandia ya dakika arobaini nikajiona mtu. Huyu mtu aliweka marehemu hai kwa miezi miwili, kwa jembe, na hakuacha hata alama ya kiatu.

Nikamwangalia mama. Nilifikiri ataanguka.

"Nilijua," mama akasema.

Jared akainua kichwa.

"Jared, mimi nimeishi na huyo mwanamume miaka kumi na tisa. Zacharia hakuwahi kupanda mstari ulionyooka maishani mwake." Akaelekeza mkono shambani. Mistari ya Jared ilikuwa imenyooka kama daftari. "Siku moja nilikuja nikakuta imenyooka. Nikajua. Nikasema wacha nile."

Tulisimama hivyo, watu watatu waliodanganyana kwa mboga.

Kisha mama akavua viatu vya kazini, akafunga leso kiunoni, akang'oa mche wa kwanza. Jared akaleta magunia. Tuling'oa yote siku ile, wala hatukutupa kwa jirani. Tulizika mbali, shimo refu. Jared alisema mahali hapo hapatapandwa spinachi miaka miwili, mpaka baridi iliyobaki kwenye udongo ife njaa.

"Shamba ni letu mpaka Desemba," mama akasema akiosha mikono. "Vitunguu vinamaliza kabla ya hapo?"

"Vinamaliza, mama."

"Basi mbona umesimama?"

Sasa funzo, maana najua mmelisubiri.

Ukiona kitu kinachekesha, geuza. Ukiona mtu hacheki, halii, anahesabu viti tu, mgeuze pia, taratibu. Doa la rangi hukaa juu. Doa la kweli huwa limeshatokea upande wa pili wakati wewe bado unasugua.

Na ukikatazwa kupita kwa jirani na viatu, osha viatu.

Jumapili kabla ya kurudi shule Jared alinipa mstari mmoja wa vitunguu nipande mwenyewe, bila kamba. Nilipomaliza ulikuwa umepinda kama njia ya mlevi. Jared aliuangalia, akachukua jembe, akafikiri, akaliweka chini.

Mama aliupita polepole mpaka mwisho, akarudi, akaupita tena. Mkono wake ulikuwa shingoni mwangu, na ulikuwa wa baridi. Niliusikia.

Usiniulize miche ilikuwa mingapi. Sikuhesabu.